Mafua Katika Msimu wa Ununuzi: Kinga Zipatikanazo Nyumbani na Chamani



Mkaguzi wa ushirika amezoeleka kwa maswali ya aina moja: kitabu cha mapokezi kiko wapi, mizani ilihakikiwa lini, stakabadhi namba fulani imekwenda wapi. Katika toleo hili naomba kuyaweka hayo kando kidogo, niandike juu ya mafua. Najua wako watakaocheka, kwa kuwa mafua si ndui wala kipindupindu, na hakuna chama kilichopata kufutwa kwa sababu ya chafya. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi ugonjwa huu mdogo unavyoweza kuingia chamani, ukavuruga ununuzi wa mazao, kisha ukaingia nyumbani mwa mtu na kugeuka kuwa jambo kubwa. Tena katika habari hiyo mimi sikuwa mtazamaji tu.

Ilikuwa mwezi wa Julai, katika nyanda zetu za juu kusini, wakati ambapo ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi na kahawa ndiyo inayopokelewa maghalani. Niliondoka nyumbani nikiwa na makamasi na koo linalowasha. Kwa kuwa ratiba ya ukaguzi ilikuwa imekwisha kutangazwa, sikutaka kuivunja. Nikakagua vyama vitatu kwa siku nne. Katika kila chama nilikaa ndani ya ofisi ndogo ambayo dirisha lake lilifungwa kwa ajili ya baridi, nikapekua vitabu bega kwa bega na katibu, nikaazima kalamu yake, nikapeana mikono na kila mjumbe wa bodi aliyekuja kunisalimu. Leso yangu ilikuwa mfukoni. Nilipiga chafya, nikajifuta, nikairudisha, nikaendelea kupekua.

Wiki iliyofuata nilipata habari kwamba katika chama cha pili karani wa mizani na mtunza ghala, wote wawili, walikuwa nyumbani kwa homa na kikohozi. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ule ulitoka kwangu, maana wakati wa baridi wenye mafua ni wengi. Lakini nilipohesabu siku, hesabu ilinielekea mimi. Kwa siku tatu mtu mmoja alipima, akaandika stakabadhi na kushika funguo za ghala, jambo ambalo kila katibu anafahamu kuwa halifai kabisa. Wakulima wengine walilala nje na magunia yao. Mwisho wa msimu ukaonekana upungufu wa kilo ambao haukuweza kuelezwa, kwa kuwa siku hizo tatu mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja toka juu ya ukurasa hadi chini. Na mtoto wa karani wa mizani, mwenye umri wa miezi saba, akaambukizwa na kufikishwa kituo cha afya usiku, kwa pikipiki, akipumua kwa taabu. Alipona. Nitarudi kwake mbele.

MAFUA HUTOKA WAPI

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mafua huletwa na baridi: umenyeshewa, umelala bila shuka, umekanyaga umande, basi utaamka na mafua. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1946, Waingereza walifungua kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury, nacho kiliendelea na kazi mpaka kilipofungwa mwaka 1990. Watu wa kujitolea walikaa humo; wengine walitiwa puani matone yenye virusi, na wengine walioga kisha wakasimama penye upepo wakiwa wamelowa, na soksi mbichi miguuni. Waliolowa na kutetemeka tu, pasipo kutiwa virusi, hawakupata mafua.

Chanzo, basi, ni virusi, yaani vijidudu vidogo mno ambavyo hata hadubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Viko vya jamaa nyingi. Jamaa iliyo kubwa kuliko zote huitwa rinovirusi, nayo peke yake ina aina zaidi ya 160. Hii ndiyo sababu mtu hupona mafua ya Juni akapata mengine Agosti: mwili umejifunza kupigana na aina moja, na nyingine haujapata kukutana nayo. Mtu mzima hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka; mtoto mdogo huweza kupata mara 6 hata 8, wala hilo si dalili ya kurogwa wala ya malezi mabaya.

Hata hivyo wazee wasidharauliwe. Mwaka 2005 wataalamu wa Cardiff, huko Wales, waliwachukua watu 180 na kuwagawa katika mafungu mawili. Watu 90 walitumbukiza miguu katika maji ya baridi kwa dakika 20, na 90 wengine hawakutumbukiza. Katika siku nne tano zilizofuata, waliosema wameshikwa na mafua walikuwa 13 katika fungu la kwanza na 5 katika fungu la pili. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba baadhi ya watu hao tayari walikuwa na virusi vilivyojificha puani bila kuwasumbua. Mwili ulipopoa, mishipa ya damu ya puani ikajibana, ulinzi ukapungua, na virusi vikapata nafasi. Kwa hiyo baridi haizai mafua, ila yaweza kuyafungulia mlango. Mvae watoto sweta kama kawaida.

Baridi hutudhuru pia kwa njia nyingine iliyo rahisi kueleweka: hutukusanya. Wakati wa jua wanachama husubiri mizani chini ya mwembe au mparachichi. Wakati wa baridi na manyunyu wote huingia ghalani, milango hurudishwa, na mtu mmoja anayekohoa huwakohoa wote.

NJIA ANAZOPITA MGENI HUYU

Mtu mwenye mafua huanza kuugua kati ya siku 1 na 3 baada ya kuambukizwa, na siku zake 2 au 3 za mwanzo wa kuugua ndizo anazowaambukiza wenzake zaidi. Bahati mbaya siku hizo ndizo ambazo wengi wetu bado tunajikaza kwenda kazini, tukisema ni mafua tu.

Virusi hupita kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni hewa, kwa matone ya chafya, ya kikohozi na hata ya mazungumzo ya karibu. Njia ya pili ni mikono. Mgonjwa hujifuta pua, hushika kalamu. Mwingine huishika kalamu, kisha hujikuna jicho au kujigusa pua. Kazi imekwisha. Kumbukeni kwamba mlango mkubwa wa virusi vya mafua ni pua na macho. Ukimtazama mtu yeyote katika mkutano kwa nusu saa tu, utashangaa ni mara ngapi hujigusa uso bila kujijua. Nilijaribu kuhesabu siku moja katika kikao cha bodi, nikaacha kwa kuwa nilianza kujigusa mimi mwenyewe.

Sasa tazameni ofisi ya chama cha msingi siku ya ununuzi. Kuna kalamu moja, imefungwa kwa uzi ili isipotee, na kila mwanachama huishika. Kuna kidau cha wino cha kuwekea dole gumba kwa wasiojua kuandika. Kidole kikishatiwa wino hufutwa kwa kitambaa kile kile tangu asubuhi hadi jioni. Kuna kikombe kimoja juu ya mtungi wa maji. Kuna kitasa cha mlango, na kuna mkono wa mizani. Sisemi vitu hivi viondolewe, maana bila hivyo hakuna ununuzi. Nasema tu kwamba kila kimoja chashikwa na mikono mia moja kwa siku, na kati ya mikono hiyo iko iliyotoka kupenga kamasi.

Hapa niseme neno juu ya tabia ya kulamba kidole wakati wa kuhesabu noti au kufunua kurasa za leja. Nimeiona kwa makarani wazuri sana, na nakiri kwamba niliirithi kwa aliyenifundisha kazi. Noti imepita mikononi mwa watu ambao hatuwajui, nasi twaipeleka ulimini mara thelathini kwa bunda moja. Mafua siyo hatari pekee, pengine wala si kubwa. Uchafu wa tumbo hupita njia hiyo vizuri zaidi. Dawa yake ni kipande cha sifongo kilicholoweshwa maji na kuwekwa ndani ya kisahani juu ya meza. Benki zimekitumia tangu zamani. Makatibu, hiki si kitu cha kungoja fedha za wafadhili.

SABUNI, MAJI NA KIBUYU CHIRIZI

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, kila ofisi ya chama ilikuwa na ndoo yenye bomba mlangoni. Leo nikipita huzikuta ndoo hizo, nyingine zimehifadhi mbegu za maharage, nyingine zimekatika bomba na kufunikiwa kuku. Yasikitisha, kwa sababu kinga ile haikuwa ya ugonjwa mmoja. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa ya njia ya hewa, kama mafua, kwa kiasi cha asilimia 16 hadi 21. Mtu aweza kuiona asilimia hiyo kuwa ndogo. Lakini mkulima aliyeambiwa kwamba bei ya kahawa yake itapanda kwa asilimia 20 hataiona ndogo, tena sabuni ni rahisi kuliko mbolea.

Palipo shida ya ndoo, kibuyu chirizi chatosha. Chukua dumu la lita 5 lenye mfuniko. Toboa tundu dogo karibu na shingo, kwa msumari uliopashwa moto. Simika miti miwili yenye panda, weka fito juu yake, na lining'inize dumu kwenye fito hiyo kwa mkono wake. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili ya kamba ifunge kwenye kijiti kinacholala chini. Mtu akikanyaga kijiti, dumu huinama na kumwaga maji kidogo, akiachia, husimama. Hakuna bomba la kushika, kwa hiyo mkono uliokwisha kunawa haurudi penye uchafu. Kipande cha sabuni kitobolewe, kipitishwe kamba na kuning'inizwa pembeni. Juu yake kifunikwe kifuu cha nazi au kopo ili mvua isikiyeyushe. Chini wekeni kokoto, la sivyo mtapata bwawa la mbu.

Kunawa kwenyewe kuwe kwa muda wa kuhesabu polepole hadi 20, nyuma ya vidole na chini ya kucha pia. Maji ya baridi yafaa sawasawa na ya moto. Kazi hufanywa na sabuni. Palipokosekana sabuni watu hutumia majivu safi, nayo ni afadhali kuliko kuacha mikono vivi hivi, ila sabuni ndiyo ya kutegemewa.

Wazee waliohudhuria vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hawatayaona mafundisho haya kuwa mageni. Enzi hizo watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka wakaenda kuchimba vyoo siku ile ile. Sisi wa leo twasikia mengi kuliko wao, ila kwenda kuchimba ndiko kumekuwa kugumu.

Kuhusu kupeana mikono, sisemi tuache. Mwaka 2020 tulijaribu kusalimiana kwa viwiko na miguu, na kila mtu anajua hilo lilidumu kwa muda gani. Lakini mwenye mafua aweza kusema kwa adabu, "Nisamehe ndugu, nina mafua, salamu yangu naileta kwa mbali." Hakuna mzee atakayekasirika, na wengi watashukuru. Chafya nayo ipokelewe kwenye kiwiko cha mkono au ndani ya leso, wala si kiganjani. Leso ya kitambaa ifuliwe kila siku na kuanikwa juani.

HEWA NA MOSHI

Dirisha la ofisi lifunguliwe, hata kidogo, hata kukiwa na baridi. Ni heri kukaa na koti ndani ya chumba chenye hewa kuliko kukaa na shati ndani ya chumba chenye pumzi za watu kumi. Vikao vya bodi vinavyochukua saa tatu vyaweza kabisa kufanyika barazani. Siku ya kupokea mazao, wanachama wasubiri nje chini ya paa la ghala, waingie kwa zamu.

Nyumbani, jambo hili la hewa lina uzito zaidi kwa sababu ya moshi. Katika sehemu za baridi tumezoea kulala jikoni karibu na mafiga, watoto wakiwa karibu kuliko wote, kwa nia njema ya kuwapasha moto. Lakini moshi wa kuni hukwaruza njia za hewa za mtoto na kudhoofisha kinga yake. Mtoto mdogo anayelelewa ndani ya moshi wa jiko yumo katika hatari ya nimonia iliyo karibu mara mbili ya mwenzake. Ikiwezekana jiko litengwe na chumba cha kulala. Kuni zikauke vizuri kabla ya kuwashwa. Dirisha au tundu la kutolea moshi liwekwe upande wa juu. Makaa yasiingizwe kabisa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuota moto usiku. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imekwisha kuua familia zilizolala salama. Sigara nayo ivutiwe nje, au iachwe.

USINGIZI NA CHAKULA

Wengi wetu twajua habari za chakula, lakini habari za usingizi hatuzitii maanani. Mwaka 2015 ulitangazwa utafiti wa Marekani ambamo watu wazima 164 walipimwa usingizi wao, kisha wakatiwa virusi vya mafua puani. Waliolala chini ya saa 6 kwa usiku walipata mafua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Nawaomba makatibu mlifikirie hilo mnapokesha kwa taa kufunga hesabu za msimu. Hesabu zilizofungwa saa nane za usiku nimezikagua nyingi. Huwa zina makosa, na mwandishi wake huwa na kikohozi.

Kuhusu chakula, pasiwe na maneno mengi. Machungwa, mapera, maembe, mapapai na mboga za majani vyaujenga mwili, navyo vimo mashambani mwetu. Watu wengi huamini kwamba vitamini C ni kinga ya mafua. Ukweli uliothibitika ni wa kiasi: kwa mtu wa kawaida haizuii mafua, ila anayeipata siku zote hupona mapema kidogo tu. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua vidonge vya bei kubwa. Pera moja lina vitamini hiyo kuliko chungwa, na watoto huyachuma bure njiani watokapo shule. Mtoto mchanga chakula chake na kinga yake ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo.

DAWA ZA JIKONI

Hapa najua nitaulizwa: na tangawizi je? Na limau? Na kitunguu saumu? Jibu langu ni kwamba vinywaji vya moto vyenye tangawizi au limau hulainisha koo, hulegeza kamasi na kumrudishia mgonjwa hamu ya kunywa maji, nayo maji ndiyo anayoyahitaji. Havivui virusi mwilini. Mafua ya kawaida hudumu siku 7 hadi 10, na kikohozi chaweza kubaki wiki mbili hata tatu, unywe tangawizi au usinywe. Lakini kumfariji mgonjwa ni kazi njema, nami hunywa kikombe changu kila jioni bila kuona haya.

Asali hutuliza kikohozi vizuri, hasa kijiko kimoja kabla ya kulala. Lakini akina mama wasikie neno hili vyema: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kwa kulamba. Asali yaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda, ila tumboni mwa mtoto mchanga hukua na kutoa sumu inayolegeza viungo na kuzuia pumzi.

Maji ya chumvi ya kusukutua koo ni mazuri kwa mtu mzima: nusu kijiko kidogo cha chumvi katika bilauri ya maji ya uvuguvugu, usukutue na kutema. Kwa mtoto aliyeziba pua, tone moja moja la maji yaliyochemshwa, yakapoa, yakatiwa chumvi kidogo sana, humsaidia kupumua na kunyonya.

Kujifukiza kulivuma sana mwaka 2020 na 2021, na nyungu zikarudi katika nyumba ambazo zilikuwa zimezisahau. Mvuke hupunguza kuziba kwa pua kwa muda, lakini hauviui virusi vilivyomo mwilini. Hatari yake ni sufuria yenyewe. Maji yanayochemka, blanketi, giza na mtoto anayefurukuta havipatani. Wako watu walioungua uso na mapaja kwa kutafuta nafuu ya pua. Mtoto asifukizwe. Mtu mzima akipenda, aketi mezani, sufuria iwe imeepuliwa na kuwekwa mahali imara.

DAWA ZA DUKANI

Vidonge vya kuua bakteria, vile ambavyo watu huviita rangi mbili pamoja na jamaa zake, haviui virusi. Anayevimeza kwa ajili ya mafua hupoteza fedha yake, na zaidi ya hapo huwafundisha bakteria waliomo mwilini mwake kuizoea dawa. Siku atakapopata nimonia au kidonda kibaya, dawa ile haitamsikia. Mbaya kuliko yote ni desturi ya kugawana mabaki: mmoja humeza nusu dozi, nusu humpa jirani. Dawa iliyoandikwa na mganga imalizwe na mwenyewe, na isiyoandikwa isinunuliwe. Homa na maumivu ya mwili hutulizwa na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti; watoto wasipewe aspirini. Na kwa kuwa twaishi penye malaria, kila mwenye homa apimwe, asihukumu mwenyewe kuwa ni mafua.

WAKATI AMBAPO SI MAFUA TENA

Sasa namrudia mtoto wa karani. Siku ya kwanza alikuwa na kamasi tu. Siku ya pili mama yake alipewa na jirani kapsuli moja, akaifungua, akamkorogea nusu ya unga wake. Siku ya tatu mtoto akaacha kunyonya. Aliyeokoa maisha yake ni bibi yake, ambaye hakujua kusoma saa, ila alimfunua nguo kifuani akaona sehemu ya chini ya mbavu inazama ndani kila anapovuta pumzi. Akasema mtoto huyu hangoji asubuhi. Kituoni walikuta ni nimonia. Alitiwa hewa ya oksijeni na sindano, akakaa siku tano.

Kila mzazi yafaa ajue kuhesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, afunuliwe kifua, na mtu ahesabu kwa dakika moja kamili kwa kutumia saa au simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Kwa mwenye mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na ikiwa kifua chazama, au hawezi kunyonya wala kunywa, au atapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri, basi usiku usiwe kisingizio. Chanjo ya kinga dhidi ya nimonia hutolewa nchini kwa watoto wachanga tangu mwaka 2013 pamoja na chanjo nyingine za kliniki. Kadi ya mtoto itazamwe kama imekamilika.

Kwa mtu mzima, kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Vipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo, na makohozi hupokelewa hata katika vituo vidogo. Maumivu makali ya kifua, kukohoa damu, au kushindwa kupumua si mambo ya tangawizi.

YANAYOHUSU CHAMA

Mwenye mafua makali apumzike siku mbili tatu za mwanzo. Najua jibu la makatibu: nani atapima? Swali hilo lazima lijibiwe mwezi wa Aprili, si siku ambayo karani ameamka na homa. Kila chama kiwe na karani msaidizi wa mizani aliyefundishwa kabla ya msimu kufunguliwa, na bodi iandike katika muhtasari jina la atakayeshika funguo mtunza ghala asipokuwepo. Mwenye kupima asiwe ndiye mwenye funguo, hata kwa siku moja. Akilazimika kuja kazini mtu mwenye mafua, akae karibu na dirisha, avae barakoa, na awe na kalamu yake.

Nami tangu Julai ile nimejiwekea sharti: nikiwa na mafua mapya hutuma taarifa na kuahirisha ukaguzi kwa siku tatu. Chama kimoja kilifurahi mno kwa kuahirishiwa, kiasi kwamba nilipofika nilianza na kitabu cha fedha taslimu.

Limebaki suala la gharama, ambalo nimeulizwa mara nyingi na makatibu wanaoogopa hoja ya ukaguzi. Miche ya sabuni, dumu, kamba na sifongo ni matumizi halali ya ofisi. Yaingizwe katika makisio ya mapato na matumizi chini ya kifungu cha usafi, yapitishwe na mkutano mkuu pamoja na vifungu vingine, na yanunuliwe kwa hati ya malipo kama kitu kingine chochote. Stakabadhi ya dukani ibandikwe nyuma ya hati hiyo. Katika vyama ambavyo makisio ya mwaka huu yamekwisha kupita bila kifungu hicho, bodi yaweza kutumia fungu la matumizi madogo madogo ya ofisi, mradi uamuzi uandikwe katika muhtasari kabla ya sabuni kununuliwa na si baada yake.